Mwaka Nilipolikatalia Koleo

Kama unasoma haya huku umeshika shavu, basi ni wewe niliyekukusudia. Wengine wasome wakipenda, lakini wewe sogea karibu. Najua hujalala vizuri. Najua umeshaambiwa uweke karafuu, uweke ugoro, uweke spiriti, na kuna mjinga mmoja amekwambia kwamba jino haliui mtu. Mwambie mjinga huyo aje sokoni Majengo aniulize mimi.

Mimi ni mama Lameki, Mgogo wa Mlali niliyeolewa Dodoma mjini, na nauza mitumba. Mdomo wangu ndio duka langu. Wenzangu wana meza nzuri za mbao na kamba za kutundikia nguo, mimi nina sauti. Nikishafungua belo la nguo naanza: "Haya akina mama, haya akina dada, njoo uchague, njoo upekue, ukikosa leo usinilaumu kesho!" Naita hivyo tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka, kwenye vumbi la Dodoma, ambalo ukiwa mgeni litakukausha koo kabla hujamaliza kusalimia watu. Sasa sisi tunaoita wateja tulikuwa na dawa yetu ya koo, nayo ni pipi. Hutafuni. Unaiweka shavuni upande mmoja, inayeyuka polepole, mate yanakuja, sauti haikauki. Ikiisha unaweka nyingine. Ungepita upande wetu wa soko miaka ile ungetukuta wote tumetuna shavu moja, na tunajiona mafundi wa kazi.

Na msije mkaniambia nilikuwa mjinga. Nyie mliozaliwa juzi hamjui sukari ilivyokuwa inatafutwa. Mimi nimekunywa chai ya chumvi. Nimesimama foleni ya duka la ushirika na mtoto mgongoni, nikafika dirishani nikaambiwa imekwisha. Halafu mambo yakafunguliwa, kila kitu ruksa, maduka ya Wahindi yakajaa upya, vibanda vikaota hadi mlangoni kwa mtu, pipi za kila rangi zikamwagwa kwenye mabeseni. Unadhani nani angeniambia nisile? Nilikula. Nilikula kwa niaba ya miaka yote ile. Sijutii pipi hata moja, ila nataka ujue zilichonifanyia.

Jino lilianza wakati mahindi ya kuchoma yanaingia sokoni. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, upande wa pipi. Nilikuwa na kishimo pale siku nyingi, chakula kinaingia, nakitoa kwa njiti ya kiberiti, maisha yanaendelea. Siku hiyo niliuma hindi nikaona nyota mchana kweupe. Nikaenda duka la dawa. Yalikuwa yamechipuka kila kona miaka hiyo, na dawa unauziwa kama karanga, kiasi cha pesa uliyoshika. Ukifika dirishani unasema, "Nipe rangi mbili," vile vidonge vya ganda lenye rangi mbili, na muuzaji wala hakuulizi unaumwa nini. Nikameza viwili, kesho yake kimoja, maumivu yakaondoka, nami nikarudi kwenye belo langu. Likiuma tena, rangi mbili tena. Nilikwenda hivyo msimu wa mvua uliobaki. Sikiliza, wewe uliyeshika shavu: jino bovu likinyamaza halijapona. Linajipanga.

Mvua zilipokaribia kwisha, shavu likavimba.

Hapa lazima nikutambulishe kwa wifi yangu Tabitha, dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu na haingii kwangu kwa hodi. Meno ya juu hana karibu yote. Kila lilipouma moja alikwenda likang'olewa, na anajisifia mapengo hayo kama mwenye nyumba aliyefukuza wapangaji wakorofi. Ni mtu mwenye roho nzuri kuliko mimi. Watoto wangu wote alinisaidia kuwalea, na nikiumwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Ndiyo maana nilimsikiliza.

"Wifi, hospitali huendi," akasema aliponiona.

"Kwa nini nisiende?"

"Jino lililovimba halichomwi sindano. Ukichomwa tu sumu inapanda kichwani, tunakuzika. Watu wangapi wamekufa hivyo?"

"Kwa hiyo nikae tu nivimbe?"

"Tunakanda. Uvimbe ukiisha ndipo uende ukang'oe. Na ukifika huko usibaguebague. Ng'oa yote mabovu, upumzike kama mimi."

Akakaanga chumvi ya mawe kwenye sufuria kavu, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akanikandamiza nayo hapa chini ya taya. Asubuhi, mchana na jioni. Na kukanda kwenyewe kulikuwa kutamu, ndiyo shida yake. Lile joto linapoingia unasikia maumivu yanalegea, unafumba macho, unamwombea wifi yako maisha marefu. Kumbe jipu ukilikanda kwa nje unaliita lije nje. Haya alikuja kuniambia nesi baadaye, wakati huo limeshaitika.

Asubuhi moja nikataka kupiga miayo, mdomo ukakataa. Nikajaribu kuingiza kidole, hakikuingia. Taya lilikuwa limefunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Homa ilikuwa inanitetemesha, mate nashindwa kumeza, yanatiririka tu, na shingo imekuwa ngumu na nyekundu. Nilimwangalia wifi nikaona safari hii hata yeye ameogopa, lakini mkono wake bado ulikuwa kwenye sufuria ya chumvi. Aliponikanda mara ile, ngozi ikapasuka. Usaha ukatoka nje ya uso wangu, chini ya taya, ukalowesha kanga mpaka kifuani. Harufu yake nisikudanganye, sijawahi kukutana nayo tena.

Mume wangu, baba Lameki, ni dereva wa ofisi moja ya serikali, mtu wa maneno machache. Kati ya mke na dada alikuwa amechagua kukaa kimya wiki yote ile, na kwa hilo nilikuwa na hasira naye ambazo sikuwa na mdomo wa kuzisema. Siku hiyo alisimama mlangoni akaona kanga ilivyolowa.

"Dada, kaa pembeni," akasema.

"Yohana, wakimchoma sindano..."

"Nimesema kaa pembeni."

Sikuwahi kumsikia akimjibu dada yake hivyo. Akanipandisha kwenye keria ya baiskeli, akanifunga kiunoni mwake kwa kanga nyingine nisianguke, akanyonga pedali hadi hospitali. Njia nzima watu walikuwa wanageuza nyuso. Nawasamehe, ilikuwa harufu.

Nikachomwa sindano. Nikachomwa nyingi, na chupa ya dripu ikaning'inizwa, na kama unavyoona sikufa. Lililokuwa linaniua ni kukaa nyumbani. Kama umevimba taya, una homa, mdomo haufunguki au kumeza kunakushinda, usimalizie hata ukurasa huu. Nenda sasa hivi, na mtu akikwambia habari za sindano, mpe jina langu.

Wodini kulikuwa na nesi mmoja anaitwa Mwanaidi, Mrangi wa Kondoa, mcheshi, mwenye mikono mizito. Aliniletea uji na kijiko. Kijiko kikagonga meno, uji ukaishia kidevuni. Akajaribu pembeni, wapi. Akasimama ameshika kiuno.

"Sasa mama, nitakulishaje wewe?"

Nikavuta mdomo wa chini nikamwonyesha.

Nilikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, chini. Nilipokuwa mtoto kule Mlali, bibi yangu alinishika mkono akanipeleka kwa mzee mmoja, nikang'olewa yote mawili nikiwa nimekalia jiwe. Ndivyo walivyofanyiwa watoto wengi wa Kigogo zamani. Wazee walisema ni kwa ajili ya siku taya litakapofunga, mgonjwa apate pa kupitishiwa uji. Mimi sikuona taya la mtu yeyote likifunga. Nilichokiona ni kwamba nilipokuja mjini, kwenye watu wa kila kabila, wasichana waliniita Kipengo, nikajifunza kucheka nimeziba mdomo kwa kanga. Bibi nilimnung'unikia hata baada ya kumzika.

Mwanaidi akainama akachungulia, akapiga kofi.

"Yallah! Mlango huu hapa!"

Baba Lameki akatumwa mbio kwenye kibanda cha soda kuomba mrija. Mrija ukapita pale pale kwenye pengo, uji ukaja, wa moto kidogo, wenye ndimu, nikameza kwa taabu nikameza tena. Machozi yakanitoka. Nikamwomba bibi msamaha kimoyomoyo, maana kwa mdomo haikuwezekana. Lakini nilipokuwa nimelala pale nikifyonza uji kama mtoto, nilikumbuka na jambo jingine. Bibi aliniokoa, sawa, ila hakuniuliza.

Uvimbe uliposhuka nikapelekwa chumba cha meno. Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, uso wake umechoka kama mtu aliyeamkia shamba. Lile gego bovu alilitoa kwa koleo, nami nililiaga bila kinyongo. Lilikuwa limeshakuwa ganda tupu. Kisha akachukua kioo chake kidogo akachungulia mbele.

"Mama, haya mawili ya juu mbele nayo yameoza katikati. Rudi ukishapata nguvu tuyatoe."

Nikauliza, kwa ule mdomo uliokuwa unafunguka nusu, "Hayazibiki?"

"Yanazibika. Shida ni dawa ya kuziba, hatuna. Iliisha, na sijui italetwa lini. Ukisubiri yataendelea kuoza, na utanirudia kama ulivyokuja."

"Daktari, chini sina. Ukiniondolea na ya juu, maneno yangu yatapitia wapi? Mimi kazi yangu ni kuita watu."

"Utaweka ya bandia."

"Mnayo?"

Akaweka kioo chake chini. "Hatuna."

Msaidizi wake aliyekuwa anaosha vyombo akacheka, na yeye daktari mwenyewe akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Niliteremka kwenye kile kiti nikajifunga kanga vizuri.

"Basi sing'oi," nikasema.

Usifikiri sikuogopa. Nilikuwa nimetoka kuona jino moja linavyoweza kumlaza mtu, na huyu alikuwa daktari, siyo wifi. Lakini nilijisikiliza nikiita jina la mwanangu, nikayasikia yale meno mawili yakinishikia sauti. Bila hayo ningekuwa mtu wa kupuliza hewa. Ningekaa nyumbani nisubiri mshahara wa mume, nifunike mdomo kwa kanga tena kama nilivyokuwa msichana. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Safari hii niliulizwa, na jibu langu lilikuwa hilo.

Mwanaidi alinishika mkono kabla sijaruhusiwa akanifundisha la kufanya, na hili ninyi wote lisikieni. Kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na wa kulala ndio mkubwa. Mswaki wa mti unafaa tu, mradi uutafune ncha iwe laini na usisugue kwa hasira kama unasugua sufuria. Dawa ya meno yenye floraidi kama unaipata. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, ya kusukutua, yaani chumvi iingie ndani ya mdomo, siyo kukanda nje ya shavu! Vidonge ulivyoandikiwa uvimalize hata kama maumivu yamekwisha. Na kitu kitamu, kama huwezi kuacha, ukile na chakula kisha unywe maji, usikifuge shavuni. Akanipa na vijiti vyembamba vya kubana katikati ya meno, kila siku niongeze kimoja, taya lizoee kufunguka. Nilivibana nikilia. Lilifunguka.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko hospitali. Wifi Tabitha alikuwa amenuna kwa sababu alizozijua mwenyewe, na mimi nilikuwa nimenuna kwa sababu zilizoonekana usoni.

"Mtu anaambiwa na daktari ng'oa, anaringa na vijino viwili vibovu," alikuwa anasema uani, kwa sauti ya kunifikia jikoni. "Subiri. Na mume akichoka, tutasema amerogwa."

Mume kuchoka. Neno hilo lilinipata pabaya, maana baba Lameki alikuwa ameanza kulala amegeukia ukutani. Iliniuma kuliko jino. Nilivumilia, nikashindwa, nikamuuliza mchana mmoja tukiwa wawili tu.

"Umenichoka?"

"Hapana."

"Mbona unanipa mgongo?"

Akachezea funguo zake muda mrefu. "Harufu, mama Lameki. Siyo wewe. Ni harufu."

Nilimtukana. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Halafu nikaenda uani nikasukutua maji ya chumvi mpaka ndoo ikaisha, maana alikuwa amesema kweli, na kidonda kilikuwa bado kinatoa. Kilifunga polepole. Kilipofunga kiliacha kovu lenye shimo, hapa chini ya taya, kama ngozi imeshonewa mfupani.

Kiangazi chote nikawa mtu wa benchi. Kila siku ya kliniki ya meno nilikwenda. Mnalijua benchi lile, la saruji, ukuta wake umepakwa rangi mpaka kimo cha mgongo. Watu wamekaa wamefungwa vitambaa kichwani, hakuna anayeongea, mlango ukifunguliwa unasikia chuma kikitupwa kwenye beseni na wote tunafumba macho. Msaidizi anatoka, anamuuliza kila mmoja swali lile lile:

"Unang'oa lipi?"

"La huku." "Hili la juu." "Hili na hili."

Hakuna aliyeulizwa kitu kingine, na hakuna aliyejibu kitu kingine. Akifika kwangu namwambia, "Sing'oi. Nimekuja kuuliza kama dawa ya kuziba imefika."

"Haijafika."

"Nitarudi."

Mara ya nne au ya tano akaacha kuniuliza. Akawa ananiita Mama Sing'oi, benchi zima linacheka wakiwa wameshika mashavu. Siku moja bibi mmoja wa Kigogo aliyekaa kando yangu akanigusa goti.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa lugha yetu, kisha akauliza taratibu, "Kuziba ndiyo nini?"

Nikamweleza kwamba jino likiwa na shimo dogo, ambalo bado halijaoza hadi mzizi, daktari analisafisha, anajaza dawa inayokauka, unaendelea kulitumia.

"Kumbe jino linatengenezwa?"

"Linatengenezwa, bibi."

Akaangalia mlango muda mrefu. Mdomoni hakuwa na meno zaidi ya matatu. "Mimi sikuambiwa," akasema.

Nilirudi nyumbani siku hiyo na hasira ambazo hazijaisha hadi leo ninapoandika. Mtu ameishi mpaka amekuwa na mvi, ameketi kwenye benchi lile mara ngapi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Kama ulikuwa hujui, mimi nimekwambia.

Daktari alikuwa ananipokea kwa kuguna. "Mama, wewe ni mkaidi."

"Ndiyo, daktari. Angalia basi kama yameendelea kuoza."

Anachukua kioo, anachungulia. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa. Ilipofika miezi ya upepo, ule upepo wa Dodoma unaong'oa mabati, akachungulia mara mbili.

"Hayajaongezeka sana," akasema. "Unafanya nini?"

"Nilichofundishwa na nesi wenu."

Akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu akanitazama kwa namna nyingine. "Nitawaandikia tena wanaohusika," akasema. "Nitawasumbua."

"Wasumbue," nikamwambia. "Ukichoka, nitume mimi."

Kipindi hicho baba Lameki alipewa safari ya Makutupora kupeleka wageni wa ofisi, akarudi na zabibu amezifunga kwenye gazeti. Mimi zabibu nazipenda kufa, lakini meno ya mbele yalikuwa hayataki kitu cha baridi wala kichachu, yanashtuka hadi utosini. Nikamwambia awape watoto. Akaenda kunawa mikono, akaketi kwenye kigoda akaanza kuzimenya moja moja kwa kisu kidogo, anatoa mbegu, ananiwekea kwenye kijiko, nazipitisha pembeni kwa upande wa kulia, nazikamua kwa ulimi. Mwanaume mzima, dereva wa serikali, anamenya zabibu. Wifi Tabitha alipita akaona, akapitiliza. Hatukuongea habari ya harufu tena, na ukuta hakuugeukia tena.

Dawa ilifika vumbi likiwa limepamba moto. Nilikuwa sijakaa vizuri kwenye benchi, msaidizi akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Sing'oi! Imefika!"

Umeme ulikuwa umekatika, mashine haifanyi kazi. Nikaona daktari anasitasita, nikamwambia kama kuna njia ya mkono aitumie, mimi siondoki. Akakwangua kwa mkono, kwa vile vyuma vyake vidogo, taratibu, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria asiitoboe. Kuna mahali niliona moto. Nilishika kiti kwa mikono miwili, sikumwambia aache. La kulia akalijaza likakaa safi. La kushoto akasita.

"Hili limeingia ndani zaidi. Siwezi kukuahidi."

"Sijaomba ahadi. Ziba."

Akaziba. Lile la kushoto baadaye lilibadilika rangi, sasa ni la kijivu, na watu wanaonipenda wananishauri nilitoe kwa ajili ya urembo. Hawanijui.

Nilirudi sokoni kabla mvua hazijaanza. Jirani yangu wa meza, anayeuza mashuka, alinikumbatia, halafu akanivuta pembeni.

"Mama Lameki, jifunge kanga hapo shingoni. Hilo kovu litatisha wateja."

"Atakayetishika akanunue kwingine," nikamwambia.

Nikafungua belo, nikaweka chupa ya maji miguuni, nikaita. Sauti ilitoka imepauka, ina kutu. Nikanywa maji nikaita tena. Akina mama wakasimama. Wengine walikuja kupekua nguo, wengine walikuja kuangalia uso, na waliokuja kuangalia uso niliwauzia vilevile. Kila aliyeuliza nimepatwa na nini, nilimfungulia mdomo nikamwonyesha yote, lililotoka na yaliyobaki. Mpaka leo nafanya hivyo. Wenzangu wanasema siku hizi nauza mitumba na kliniki.

Lililokuwa limebaki ni wifi. Tulikuwa tunasalimiana, tunapikiana, tunazikiana, lakini lile la chumvi lilikuwa limekaa katikati yetu na hakuna aliyeligusa. Mimi nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu. Nilikuwa nayo makali, nimeyapanga tangu wodini nilipokuwa siwezi kusema, nasubiri siku atakayoanza yeye.

Akaja asubuhi moja, soko limejaa, mahindi mapya yanashushwa. Nilimwona amesimama nyuma ya makoti yaliyotundikwa, anangoja wateja wapungue, naye ni mtu asiyejua kungoja. Kanga ameivuta mpaka shavuni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Ilitoka upande mmoja wa mdomo.

"Jino?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Umekanda?"

"Sijakanda."

"Umemeza chochote?"

"Sijameza." Akaangalia chini, akawa anakunjakunja ncha ya kanga. "Nimekuja kwako kwanza. Yamebaki haya ya chini tu, wifi. Ndiyo ninayotafunia. Sitaki yaondoke."

Nilifungua mdomo kutoa yale maneno yangu. Yalikuwepo yote. Nikamtazama, mtu mzima yule, macho yamejaa, amesimama kati ya makoti ya watu kama mtoto aliyepotea sokoni, na yale maneno sikuyataka tena.

Nikamwomba jirani aniangalizie nguo. Nikamshika wifi mkono, tukaanza kutoka. Njia ilikuwa imezibwa na mikokoteni ya magunia na watu wanaobishana bei, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Wifi akataka turudi tuzunguke. Nikamwambia haturudi. Nikavuta pumzi, nikaachama mdomo wote, pengo na jino la kijivu na kovu, nikaita kwa sauti ile ya kufungulia belo:

"Pisheni jamani! Pisheni, kuna mtu anakwenda kuziba jino!"

Wakatupisha.